Kitambaa cha Mashine ya Shefu

Ofisi ya Mutuelle Tulitumika, pale Likasi, ilikuwa na kompyuta mbili: moja ya kazi na moja ya heshima.

Ya kazi ilikaa kwenye koridoo, juu ya meza ya Mama Marcelline Ngalula, sekretari. Ilinunuliwa mwaka 2013. Herufi A ilikuwa imefutika kwenye kibodi, na ikiwashwa ilinguruma mpaka majirani wakajua kwamba umeme umerudi. Mutuelle hiyo, chama cha kusaidiana, ni ya wastaafu wa migodi na wajane wao, na kila cheti cha mjane wa Likasi, Kakontwe au Kakanda kilitoka ndani ya mashine hiyo, chini ya vidole vya Marcelline.

Ya heshima ilikaa ndani, juu ya meza ya shefu, Papa Séraphin Ilunga. Hiyo ilikuja mwaka 2021, baada ya shefu kwenda Lubumbashi wiki tatu nzima, ordre de mission, hati ya safari ya kikazi, mfukoni, ili aichague mwenyewe. Wiki tatu! Kuna watu wamechagua mke kwa muda mfupi kuliko huo. Mkewe, Mama Julie, aliifumia kitambaa cha manjano chenye vishada na herufi S.I. katikati. Kila asubuhi shefu alikiondoa kitambaa, akabonyeza kitufe cha ekrani, taa ndogo ya buluu ikawaka, naye akafungua gazeti lake. Saa tisa alasiri alizima taa, akafunika. Mgeni akiingia alimkuta amekunja uso mbele ya ile taa, basi mgeni alishusha sauti.

Marcelline alijua fika kwamba shefu hajawahi kuandika hata jina lake kwenye ile mashine. Alijua na akanyamaza. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja ofisini, ni mjane yeye mwenyewe, na ile meza ya koridoo ndiyo iliyowalisha yeye na watoto wake wanne.

Sasa mwaka 2025, mashine ya Marcelline ikaanza maneno. Kila asubuhi, kabla hajafungua chochote, iliandika katikati ya ekrani kwamba Windows 10 haitahudumiwa tena baada ya tarehe kumi na nne Oktoba. Akibonyeza “nikumbushe baadaye”, kesho yake ilirudia pale pale, kama mkwe aliyekuja kuuliza habari za mahari. Mwishowe alimwita shefu.

“Chef, ona bile hii mashini iko nasema. Asema tarehe kumi na ine banaiacha.”

“Banani banaiacha?”

“Benye kuitengeneza. Habataichunga tena.”

Shefu akaisogelea ekrani, akavaa miwani, akavua miwani. “Mama Marcelline, minye sipendake kazi ya haraka-haraka. Tuandike Lubumbashi.”

Wakaandika Lubumbashi, makao makuu. Laiti wasingeandika! Mwezi Septemba ukaja waraka wenye mihuri minne. Ulisema kwamba mashine yoyote isiyokubali mfumo mpya itaondolewa ifikapo tarehe kumi na nne, pamoja na meza yake, kiti chake, na poste, yaani nafasi ya kazi, ya yule anayeitumia. Marcelline aliusoma mara tatu. Mtu aliyeandika vile hakuwa mlevi, maana kila koma ilikuwa mahali pake. Ni kwamba huko juu, kwenye makaratasi yao, mfanyakazi ni kitu kinachokaa mbele ya mashine, na mashine ikienda naye anaenda.

Usiku hakulala. Asubuhi akapiga moyo konde, akabisha mlangoni mwa shefu.

“Chef, mashini yako ni ya juzi-juzi. Yenyewe itakubali système mupya. Unikubalie niitumikishe, hata asubuhi tu. Kama hapana, kazi yangu inaisha.”

Papa Séraphin akashusha gazeti polepole. “Hii mashini? Mama, rapport zote za hii bureau zinatoka mu hii mashini! Minye nikitumika siongeake, njo mana weye haubione.”

“Rapport zote, Chef?”

“Zote.”

Na zote alizichapa Marcelline, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho! Hasira zikampanda, akazimeza, akarudi kwenye koridoo. Kumwambia shefu kwamba ni mwongo ilikuwa sawa na kujiandikia barua ya kufukuzwa, na barua yenyewe angeichapa yeye.

Ijumaa tarehe kumi Oktoba akafika mkaguzi kutoka Lubumbashi, Monsieur Barthélemy, mtu wa suti ya kahawia na kalamu tatu mfukoni. Alikuja na fundi, dada mmoja aitwaye Elikia, aliyebeba mkoba wa bisibisi na hakuwa na maneno mengi. Kwenye benchi la wageni alikuwa amekaa Mama Henriette, mjane wa Kakontwe, aliyekuja kwa mara ya tatu kuuliza cheti chake. Akaambiwa asubiri, akasubiri. Mahali pale hata yeye alikuwa fundi wa kusubiri.

Mkaguzi akaanza na shefu, kwa heshima. Akatoa fomu: unatumia mashine yako saa ngapi kwa siku? Shefu akajibu bila kupepesa macho: saa sita. Tangu lini? Tangu 2021. Akasaini. Mkaguzi akatazama kitambaa cha manjano, akakisifu, akaandika chini ya fomu: “Conforme,” yaani kila kitu ni sawa. Mashine yenyewe hakuigusa, ila alisoma kibandiko chake: namba moja, kama meza na kiti cha shefu; vya koridoo vilikuwa namba mbili.

Halafu mkaguzi na fundi wakatoka kwenye koridoo. Elikia akakaa mbele ya mashine ya Marcelline, akabonyeza hapa na pale, akatikisa kichwa.

“Mama, mashini yako haiko mugonjwa, iko muzee tu. Windows mupya inaomba kintu kimoya mu kati, na hii haiko nacho.”

“À déclasser,” akasema mkaguzi huku akiandika. “Poste supprimée.”

Mashine iondolewe, kazi ifutwe. Hivyo tu. Miaka ishirini na mmoja, maneno manne ya Kifaransa na nukta. Marcelline akashika ukingo wa meza. Mama Henriette, ambaye hakuelewa Kifaransa lakini alielewa nyuso, akasema, “Ee Mungu!”

“Lakini,” Elikia akaendelea, “kuko système ingine ya bure, banaita Linux. Naitia leo, mama anatumika tena myaka tano, na kila kintu chake kinabakia.”

“Circulaire inaongea Linux?” akauliza mkaguzi, ule waraka mkononi.

“Haiongee.”

“Donc, haiko.”

Elikia akachukua mkoba wake. “Basi nitie système mupya mu ile ya Chef, tumalize.”

Hapo Papa Séraphin akawa mwepesi ghafla. Akasema hakuna haraka, wale kwanza, mkewe amepika bukari, ugali wa kule, na samaki. Elikia akasema atakula baadaye. Akaondoa kitambaa, akabonyeza kitufe cha kasha la mashine. Kimya. Akabonyeza tena. Taa ya buluu ya ekrani iliwaka vizuri sana, ila kasha halikukoroma wala kupumua.

“Imechoka,” akasema shefu. “Jana nilitumika nayo sana.”

Elikia akatoa bisibisi. Skrubu nne, akavuta ubavu wa kasha, akachungulia. Kisha akaingiza mikono miwili, akatoa kitu kilichozungushiwa gazeti, akakiweka juu ya meza, kikafanya ko! Lilikuwa tofali. Tofali zima la kuchoma, limefungwa kwenye gazeti la mwaka 2021. Ndani ya kasha hakukuwa na kitu kingine, isipokuwa buibui mmoja ambaye naye alionekana kushangaa.

“Papa Chef,” akasema Elikia kwa adabu zote, “hizi saa sita za kila siku, ulikuwa unatumika na nini?”

Macho yakamtoka shefu pima. Masikini, hakujua! Huko Lubumbashi alikuwa ameonyeshwa kasha linalong'aa, akalipima kwa mkono, akalikuta zito, akarudi nalo amelipakata. Nyuma ya mlango Marcelline aliuma kanga yake asicheke, na palepale kicheko kikamkauka chenyewe kwa kukumbuka kwamba aliyepoteza kazi ni yeye.

Mkaguzi akawa mkali. “Monsieur Séraphin! Nani alipokea hii mashini?”

Aliyejibu ni Marcelline, kutoka mlangoni, na sauti yake ilimshangaza mwenyewe.

“Munikubalie nilete farde.”

Alileta jalada la 2021. PV ya mapokezi, ile hati rasmi, aliichapa yeye: mashine imefunguliwa, imekaguliwa, imewashwa, inafanya kazi vizuri sana. Chini kulikuwa na saini mbili, ya Séraphin Ilunga na ya mkaguzi kutoka Lubumbashi, Monsieur Barthélemy, ambaye siku ile alikuja, akala, akasaini, akarudi. Mkaguzi akaitambua saini yake. Ukali wote ukamwisha. Akakaa kwenye kiti cha shefu bila kukaribishwa, akafuta jasho, na nje maua ya jakaranda yalidondoka juu ya gari lake.

“Mambo kama haya,” akasema hatimaye, “tunabyongea sisi wenyewe, mu famille.”

“Njo ile,” akasema shefu.

“Tuandike PV moya ya muzuri.”

“Ya muzuri kabisa!”

Wanaume wawili wakatazama tofali, kisha kwa pamoja wakamtazama Marcelline. PV lazima ichapwe, na Likasi nzima mutuelle ilikuwa na mashine moja tu ya kuichapa.

Alikuwa na hofu, na hofu ile aliishika kwa mikono yote miwili. “Minye niko secrétaire, nitaandika. Tena nitasema bile mutafanya. Kibandiko cha namba moja mukitoshe ku mashini ya Chef, mukibandike ku yangu. Cha yangu, namba mbili, mukibandike ku hii ya tofali. Dada Elikia anatia système yake mu namba moja, PV inasema: namba moja imepata système mupya. Ni bongo? Haiko bongo, ni ukweli. Namba mbili haikubali: iondolewe. Ni bongo?”

“Haiko bongo,” akasema mkaguzi, na uso ukaanza kumkunjuka.

“Lakini minye siandike kama pale pa kusema nani anatumikishaka mashini gani hapaandikwe ukweli. Namba moja: Marcelline Ngalula. Namba mbili: akuna muntu.”

“Na minye?” akauliza shefu.

“Weye uko Chef. Ukisema unatumikishaka ile ya tofali, poste yako inaenda nayo. Basi chagula.”

Papa Séraphin akaichukua ile fomu ya saa sita, akaichana vipande vidogo vidogo, akavitia mfukoni. Marcelline akakaa, akachapa. Walisaini bila kusoma hadi mwisho, kama kawaida yao, na Elikia akafanya kazi yake kwa saa mbili. Mashine ilipowaka upya haikutaja Oktoba wala kuachwa, ilimuuliza tu Marcelline jina lake. Akaliandika huku machozi yakimtoka, na hakujificha.

Jumatano ikafika gari ya makao makuu kutekeleza waraka, neno kwa neno. Walichukua mashine namba mbili na tofali lake. Shefu aliitolea hotuba fupi ya kuiaga, akaishukuru kwa utumishi. Walichukua pia, kama ilivyoandikwa, meza namba mbili na kiti namba mbili, navyo ni vile vya koridoo. Mashine namba moja, kwenye daftari la vifaa, mahali pake ni ofisi ya shefu, meza ya shefu, na anayeitumia hukaa kwenye kiti chake. Waliibeba ndani, wakaiweka, wakamwekea Mama Marcelline kiti vizuri, wakaondoka.

Kiti kilikuwa kimoja. Papa Séraphin alisimama kidogo, akatazama dari, akakumbuka kwamba kule nje kuna hewa. Akachukua gazeti lake, akaenda kukaa kwenye benchi la wageni.

Siku ya pili, Mama Henriette akaja kwa mara ya nne kutoka Kakontwe. Alipiga hodi, akaona meza kubwa, mashine inayonguruma na mtu anayeandika, akainama kidogo.

“Bonjour, Chef.”

“Bonjour, mama. Cheti yako inatoka sasa hivi, kaa kidogo.”

Mama Henriette akarudi kwenye koridoo, akamkuta mzee mmoja na gazeti lake, ameshika kitambaa cha manjano mapajani, anangoja saa tisa ifike akafunike. Hakuwahi kuingizwa kwa shefu wala kumjua kwa sura, akamwonea huruma.

“Papa, na weye banakuzungusha hivi? Usichoke. Ule Chef wa sasa iko natumika,” akamwambia. “Sogea kidogo nikae.”

Papa Séraphin akasogea.