Mgonjwa wa Majaribio

Jirani ndiye aliyempeleka mama hospitali. Mwana wa mama huyo, mhandisi wa programu za afya, alikuwa na kikao juu ya kikao, akafika wodini siku ya tatu saa nane mchana, kitambulisho cha kampuni bado kikimning'inia shingoni. Alimkuta muuguzi wa zamu kwenye kompyuta.

"Sista, mbona mama hapati nafuu?"

"Nimonia yake ilitaka penisilini, lakini mfumo unasema inamdhuru vibaya. Tunampa nyingine, ila inajikokota."

"Mama hajawahi kudhuriwa na penisilini!"

"Kaka, mimi naamini kilichoandikwa." Akamgeuzia skrini.

Mhandisi akasoma. Jina la mama, tarehe yake ya kuzaliwa, na chini yake, kwa maandishi mekundu, onyo alilolichapa kwa vidole vyake mwenyewe. Mfumo ule aliutengeneza yeye. Mwaka juzi, akiujaribu, alihitaji mgonjwa wa bandia, akatumia jina la mama na tarehe yake ya kuzaliwa, maana hayo hayahitaji kukumbukwa. Kwa miezi minane alimlaza kila asubuhi, akampa kisukari, akamvunja nyonga, akamwekea onyo la penisilini aone kama kengele italia, na jioni akamruhusu kwenda nyumbani buheri wa afya. Wenzake walimtania: "Bimkubwa leo anaumwa nini?" Siku ya uzinduzi, katika pilikapilika za keki na picha, akasahau kumfuta. Juzi karani wa mapokezi alipochapa jina, jalada likajitokeza tayari limejaa, naye akashukuru kupunguziwa kazi.

Nywila alikuwa nayo. Dakika mbili tu, onyo lingetoweka bila mtu kujua. Lakini daktari gani angebadili dawa kwa onyo lililotoweka lenyewe? Na akisema ukweli, amemwaga unga. Kitanda cha sita, mama alikuwa akihema kwa taabu.

"Sista, mwite daktari. Hilo onyo niliandika mimi. Ni la uongo."

Muuguzi akainua simu. Daktari akaja, akaandika maelezo yake neno kwa neno, akamtaka atie saini. Nakala ingekwenda kwa mkurugenzi wake. Saa kumi mama akachomwa sindano ya kwanza ya penisilini.

Mhandisi akaketi kando ya kitanda na kumweleza mama yote. Mama alisikiliza amefumba macho.

"Kwa hiyo nilikuwamo humo ndani muda wote huo."

"Nisamehe, mama."

"Na nikiugua humo, ulikuwa unakuja kunitazama?"

"Kila siku, mama."

Mama akafumbua macho. Nyumbani kwake mwanawe hakuwa amekanyaga tangu mazishi ya baba.

"Basi yule wa kwenye kompyuta," alisema, akigeukia ukutani, "Mungu alimpa mtoto."