Kipima Kina cha Pili

Shemeji yangu, mume wa dada, ni nahodha wa boti ya abiria, na mimi ndiye niliyeiharibia boti hiyo macho. Naanza na hilo kabisa, maana nikianza na maelezo ya ufundi nitajipatia upenyo wa kutorokea. Mimi ni fundi wa umeme wa boti, najijua.

Miezi minne iliyopita niliifungia kipima kina. Kihisi chake nilikibandika sentimita themanini juu ya mkuku, yaani ule uti wa chini kabisa wa boti. Kwa hiyo chombo lazima kiambiwe kitoe hizo themanini, ili skrini ionyeshe maji yaliyobaki chini ya mkuku. Mimi nikajumlisha. Kubonyeza mara moja tu, na haraka zangu za Ijumaa! Skrini ikawa inaongeza mita moja na sitini, na hakuna aliyegundua kwa kuwa maji yalikuwa mengi.

Yalipopungua, shemeji akaipandisha boti kwenye fungu la mchanga ikiwa na abiria arobaini. Mama mmoja akavunjika mkono. Shemeji akaapa kwamba skrini ilionyesha mita moja na nusu. Wakaguzi wakaiwasha, ikawaka, wakaandika "inafanya kazi", wakaenda zao kunywa chai. Hata feni mbovu huwaka! Lakini mimi niliposikia hiyo mita moja na nusu nilipiga hesabu kichwani, nikajua. Wiki tatu nimekula mezani kwa dada yangu nikijua.

Jumanne asubuhi shemeji akaniita nimfungie kipima kina cha pili, cha akiba.

"Kesho kamati ya uchunguzi inaniita," akasema. "Ukimaliza, washa vyote viwili. Vikitofautiana, nimepona, cha kwanza kilinidanganya. Vikikubaliana, basi nilizubaa mwenyewe. Cheti changu cha unahodha nitakirudisha kabla hawajaninyang'anya."

"Usijitie presha, shem."

"Wewe funga tu. Siku hizi nakuamini wewe kuliko ninavyojiamini."

Akashuka gatini kukaza kamba. Nikapitisha nyaya, nikakaza skrubu, na chombo kipya nikakiambia kitoe, safari hii nikihakikisha mara tatu. Nikawasha. Kipya kikaonyesha mbili na kumi. Cha zamani, pembeni yake, tatu na sabini.

Nilitakiwa kumwita tu. Nikawaona wenye boti wote wakitafuta fundi mwingine, nikamwona dada akinitazama. Kidole kikaenda chenyewe kwenye kitufe. Hapana, huo ni uongo: nilikipeleka mimi. Nikarekebisha cha zamani.

Shemeji akarudi akifuta mikono kwenye suruali. Akatazama skrini ya kwanza, akatazama ya pili. Mbili na kumi, mbili na kumi. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Kumbe ni mimi," akasema.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nikasema, "Mashine nazo zina siku zake, shem."

"Usinibembeleze. Umefanya kazi yako." Akatoa simu, akampigia dada. "Mama watoto, ni mimi niliyekosea. Ndiyo, vyote viwili. Yupo hapa." Akanipa simu bila kuniangalia.

"Mdogo wangu," dada akasema. Alikuwa amelia. "Nikwambie kitu, usimchukie. Juzi alitaka kuiambia kamati kwamba labda wewe ndiye uliyekosea kufunga. Nikamkatalia. Nikamwambia, namjua mdogo wangu, angekosea angesema. Asante sana kwa kumtoa wasiwasi."

Shemeji alikuwa ameshaanza kutoa vitu vyake kwenye droo ya usukani, kimoja kimoja.

"Hamna shida, dada," nikamjibu.