Viatu vya Kila Mchezo

Mwanaasha wa Bwejuu hakuwa mtu wa kuvumilia uchafu. Ua wake ulifagiliwa mara mbili kwa siku, na jirani aliyepita akila chungwa alilishika ganda mkononi mpaka avuke mlango wake. Sasa mtu wa namna hiyo, hebu fikiria, awe na binti mwenye jozi mbili za viatu: moja mpya, nyeupe, imelala kabatini, na nyingine chakavu, imejaa vumbi jekundu, ndiyo haimtoki mguuni. Ilimkera kila alipoitazama.

Vile vipya alivinunua mwenyewe mjini, sokoni Darajani, kwa pesa za mwani wa msimu mzima. Muuzaji alizikunja soli mbele yake, akamwambia, "Hivi vya kila mchezo, mama. Mbio, mazoezi, tenisi, chochote." Ummkulthum, binti wa miaka kumi na sita, alivipokea kwa mikono miwili, akambusu mama yake mkono, akavitia kabatini. Hakumwambia kwamba uwanja wa tenisi wa hoteli ya pale kijijini ni wa udongo, na udongo una viatu vyake. Vile vichakavu, alivyopewa na mgeni mmoja wa hoteli aliyekuwa akiondoka, ndivyo vilivyokuwa vyenyewe. Angesemaje? Mama kainama kwenye maji ya chumvi miezi yote hiyo, halafu umwambie kakosea? Akanyamaza. Na mama naye akadhani mtoto anavitunza kwa siku kubwa.

Siku kubwa ikafika, Jumamosi. Mwalimu Kheir, aliyekuwa akija kutoka mjini mara mbili kwa wiki kuwafundisha wasichana tenisi, alikuwa na nafasi moja tu ya kutoa: mwaka mzima Dar es Salaam, shule na tenisi, kila kitu kimelipiwa. Waliobaki walikuwa wawili, Ummkulthum na Saadiya wa Jang'ombe, kule mjini. Wacheze, atakayeshinda aende. Ummkulthum alishamfunga Saadiya mara tatu, kwa hivyo Bwejuu nzima ilishaanza kumuaga.

Alfajiri ile maji ya bahari yalitoka mapema. Mwanaasha alitaka awahi kufunga mwani wake, arudi, aoge, aende kumtazama mwanawe akicheza, jambo ambalo hajapata kulifanya. Viatu vyake vya kuingilia baharini, vya kujikinga na miba na mawe, vilikuwa vimekatika. Akaviona vile vichakavu barazani. Akajisemea moyoni kwamba leo ni siku ya vile vipya, hivi kazi yake imekwisha, na kama mtoto anaona tabu kuviacha, basi bora asivione kabisa. Akavivaa akateremka pwani, tena kwa furaha.

Aliporudi, soli ya kushoto ilikuwa imeachama na kitambaa kimejaa maji na mchanga. Ummkulthum alikuwa amepiga magoti anatafuta uvunguni mwa kitanda. Aliinua kichwa, akaitazama miguu ya mama yake kwa muda.

"Vipya vimo kabatini," Mwanaasha akamwambia. "Leo huendi mbele za watu na matambara."

"Haya, mama," akajibu kwa sauti ndogo.

Mchezo wa tenisi Mwanaasha haujui, lakini mwanawe anamjua. Mpira wa kwanza wa mbali, Ummkulthum aliukimbilia kama alivyozoea, akautupa mguu mbele ili uteleze umfikishe. Kiatu kikang'ang'ania udongo, mwili ukaendelea na safari, akaanguka kwa goti. Mara ya pili akaogopa, akasimama mbali na mpira. Baadaye soli zikajaa udongo, na kila alipogeuka akawa anateleza kama mtu aliyekanyaga sakafu yenye sabuni. Hakuwa tena yule aliyemfunga Saadiya mara tatu. Saadiya alishinda, na hata yeye mwenyewe hakushangilia sana.

Mwalimu Kheir aliinama akavitazama vile viatu.

"Ummu, viatu vyako vya siku zote viko wapi? Hivi ni vya mazoezi ya ukumbini. Kwenye udongo vinagoma pale pa kuteleza, na vinateleza pale pa kusimama."

Ummkulthum aligeuka akamtazama mama yake. Kisha akasema, "Nimevisahau, mwalimu."

Hapo ndipo Mwanaasha alipofahamu alichokifanya. Neno lilimfika mdomoni. Lakini pale palisimama wazazi wa Saadiya na miavuli yao, na wafanyakazi wa hoteli, na wageni. Aseme mbele yao kwamba ni yeye, mwanamke wa mwani, aliyeviingiza baharini viatu vya tenisi kwa kutojua? Aliona haya. Akajitengeneza mtandio, akanyamaza.

"Umevisahau," Mwalimu Kheir akasema. "Siku kama ya leo." Hakugomba. Aliandika jina la Saadiya, akafunga daftari.

Siku tisa Mwanaasha alikula bila ladha. Siku ya kumi akaenda mjini, akapanda ngazi za maghorofa ya Michenzani mpaka kwa Mwalimu Kheir, akamweleza yote akiwa bado mlangoni.

Mwalimu alimsogezea kiti. "Bi Mwanaasha, ungenambia siku ile ile, ningewarejesha uwanjani wiki ya pili yake. Hata Saadiya alitaka. Mimi nlidhani mtoto kapuuza. Keshaondoka Saadiya, tangu Alkhamisi."

Mwanaasha alirudi Bwejuu jua linaelekea kutua, akamkuta Ummkulthum jikoni anapembua mchele. Akakaa kwenye kibao kando yake.

"Mwanangu, nnatoka kwa mwalimu wako. Nshamwambia kuwa ni mimi."

Ummkulthum aliendelea kupembua. "Viatu hukujua, mama. Kwa viatu sina neno nawe." Akatua ungo chini. "Lakini nliposema nimevisahau, nlikuwa nakutazama."

Mwanaasha alitaka kusema kwamba hakuona. Alikuwa ameona.