Hodi ya Mama Wakili

Simu ilipolia, mama Wakili alikuwa amepiga magoti sakafuni, pini zimemjaa mdomoni, anapima pindo la pazia la mteja. Aliyepiga ni dada yake, msusi, na hata salamu hakutoa. Alisema tu kwamba mkaguzi wa shule yuko mtaani kwao, ameshaingia nyumba ya kona, na akitoka hapo anakuja kwake. Mama Wakili akazitema pini zote kiganjani. Pazia la watu likaachwa chini, na mteja aliyekuwa ameketi akilisubiri akaambiwa aje kesho, kwa sauti isiyoruhusu kuuliza kulikoni.

Tusifichane: mama Wakili alikuwa amedanganya. Alipomwandikisha bintiye shule alisema yeye na mtoto wanaishi kwa msusi, na hawakuwa wakiishi kwa msusi. Waliishi ng'ambo ya barabara kuu, katika vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba Wakili, mchomeleaji wa mageti. Ukisimama mlangoni kwao shule yenyewe unaiona, na kengele yake unaisikia. Lakini wakubwa walikaa na ramani yao wakaamua kwamba barabara ndiyo mpaka, wa upande ule wasome kule na wa upande huu wasome huku. Nani aliwaambia kwamba akili za watoto nazo hukatwa na lami, hilo hawakulieleza, na mimi bado nasubiri waje wanieleze.

Shule ya upande huu siwezi kuiita mbaya. Ilikuwa imejaa, basi. Watoto waliketi chini, waliochelewa wakasikilizia dirishani, na mwalimu, masikini, hakuwa na nafasi ya kujibu swali hata moja. Sasa binti yule aliitwa Wakili tangu meno ya mbele hayajatimia, kwa ubishi wake na maswali yake yasiyokwisha. Mle darasani akanyamaza. Alirudi nyumbani kimya, akala kimya, akalala kimya, na mama yake alikiogopa kimya kile kuliko homa. Alipoingia shule ya ng'ambo, haukupita muda akawa anambishia baba yake kwa nini mwezi unamfuata mtu anapotembea. Siku hiyo mama Wakili alijifungia chooni akalia kwa furaha, kisha akatoka akamwambia mtoto aache maneno, chakula kinapoa.

Ndiyo maana simu ile ilimpasua moyo. Mapacha wa muuza mkaa walikuwa wametoka kurudishwa hivi karibuni, katikati ya muhula, mchana kweupe, wamebeba mabegi yao huku wenzao wakiwachungulia madirishani. Kosa lao lilikuwa hilo hilo, anwani ya kuazima. Akilini mama Wakili alimwona binti yake akitoka kwenye geti la shule, akakiona na kile kimya kikirudi mezani, akapiga ukelele mmoja wa kumwita mumewe.

Baba Wakili alivua miwani yake ya kuchomelea akaja mbio. Maelezo aliyapata nusu, nusu nyingine akaikamata mwenyewe, maana njama walikuwa wamezila pamoja. Geti la mtu lililokuwa juu ya mkokoteni likateremshwa, na badala yake likapanda godoro la Wakili, ndoo yake, sare yake ikiwa bado kwenye henga, mswaki, ndala na shuka. Wakili mwenyewe, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi, alikuwa nyumbani, na alipopandishwa juu ya godoro aliuliza kama wanaishi kule, mbona wanahama. Baba yake akageuka kando kuficha kicheko. Mama yake akamwambia ashike ndoo.

Huyo mtoto ndiye aliyekuwa hatari kubwa kuliko mkaguzi. Walishamfundisha jina la mtaa na rangi ya mlango, na alivijua vyote kama jina lake, lakini aliwatahadharisha mapema kwamba yeye hasemi uongo. Jina la mtaa atasema, kwa kuwa ni jina la mtaa kweli. Rangi ya mlango pia. Akiulizwa zaidi ya hapo, ataona. Tangu siku hiyo mama yake alikuwa akiomba asiulizwe.

Wakaifikia barabara kuu. Baba Wakili alisimama katikati, akainua mkono wake wenye glavu ya kazi, na lori likapunguza mwendo likasimama, dereva amebaki kinywa wazi. Mkokoteni ukavuka ukirukaruka, ndoo ikagongagonga, Wakili juu akicheka kama yuko kwenye bembea. Mama Wakili alikuwa nyuma akisukuma, jasho linamtoka, na katikati ya hofu yote ile akajikuta naye anacheka. Sijui kwa nini mtu hucheka saa kama hizo, lakini hucheka.

Waliingia kwa mlango wa uani. Nyumba ya msusi ilikuwa ndogo, sebule ndiyo saluni, na chumba cha pembeni kilijaa vichwa vya plastiki vilivyovishwa mawigi. Vichwa vikasukumwa ukutani, godoro likatandikwa, sare ikatundikwa, mswaki ukawekwa pamoja na wa mwenye nyumba. Mpango ulikuwa mwepesi: mama Wakili akae jikoni akoroge sufuria, na mkaguzi akija amkute anapika, kama mtu aliyepo kwake. Dada yake alishampa hadi mwiko.

Kila kitu kilikuwa tayari, na mkaguzi alikuwa bado nyumba ya kona. Hapo ndipo mama Wakili alipotazama ukuta wa sebule. Ukutani kulikuwa na picha za msusi, picha za mitindo ya nywele, picha ya mtoto hakuna. Mkaguzi gani ataamini kwamba mtoto anaishi mahali ambapo hata uso wake haupo? Mumewe alimwambia aache, inatosha. Dada yake akamwambia hivyo hivyo. Lakini mama Wakili akishaona uzi umening'inia hawezi kuuacha, ndivyo kazi yake ilivyomlea. Akaweka mwiko chini akatoka mbio kurudi ng'ambo kuchukua picha ya Wakili.

Aliichomoa ukutani na msumari wake. Akavuka tena barabara, picha kwapani, ndala mkononi ili akimbie vizuri, watu wakimpisha. Safari hii hakuzunguka uani, alikata moja kwa moja mbele. Mlango ulikuwa wazi, pazia limeshushwa. Alipofika kizingitini akasimama, akaweka ndala zake chini vizuri, akakung'uta miguu, akashusha pumzi, na kwa sauti nzuri ya adabu akasema:

"Hodi!"

"Karibu, karibu ndani," msusi akajibu.

Maneno yakawa yameshatoka. Usimcheke mama wa watu. Yako mambo tunayafanya kwa kufikiri, na yako mengine mwili unajifanyia wenyewe, na mtu aliyelelewa akaleleka hawezi kuinua pazia la nyumba isiyo yake bila kupiga hodi, hata nyumba hiyo ikiwa inaungua. Na mwenye nyumba naye, akisikia hodi, kinywa kinajibu kabla yeye hajajua. Dada wale wawili walilelewa na mama mmoja, na malezi yao mema yakawauza wote wawili kwa mpigo.

Mkaguzi alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, chini ya kikaushio cha nywele. Alikuwa mama mnene, mpole wa sauti, mwavuli umelala mapajani. Wakili alisimama mbele yake. Mteja wa msusi alikuwa kwenye stuli, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima, na mabega yake yalishaanza kutikisika kwa kicheko alichokuwa akikimeza.

"Wewe ni nani hapa, mama?" mkaguzi akauliza.

"Mimi ndiye mama wa mtoto. Naishi hapa."

"Unaishi hapa," mkaguzi akasema taratibu, "unapiga hodi, na unakaribishwa."

Mama Wakili akaanza kueleza. Kwamba hapa ni saluni, wateja huja hawajajistiri vizuri, kwamba ni adabu tu, kwamba siku zote hupiga hodi hata akitoka kuanika nguo. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuzama, na alijua anazama. Msusi alikuwa akisuka msuko ambao alishaumaliza. Kutoka jikoni, alikojificha baba Wakili nyuma ya mlango, kilisikika kifuniko cha sufuria kikianguka, na mkaguzi hata hakugeuza shingo.

Mkaguzi akamgeukia mtoto. "Binti, wewe unalala wapi?"

Hilo ndilo swali lililozidi jina la mtaa na rangi ya mlango. Wakili aliinamisha kichwa upande, kama afanyavyo akipewa hesabu ngumu, akafikiri, akakiinua.

"Leo nalala hapa," alisema. "Godoro langu liko chumba kile."

Na ilikuwa kweli tupu. Mkaguzi akanyanyuka, akachungulia chumbani, akaliona godoro na vichwa vya mawigi vikimtazama, akarudi kuketi.

"Na kesho?"

Wakili alimgeukia mama yake, na haikuwa kwamba anaomba msaada. Alitaka kujua.

Mama Wakili alitazama uso ule. Alijua kwamba akisema ndiyo ya uongo, binti yake atasahihisha pale pale mbele ya watu wote, tena kwa heshima zote. Kwa hiyo ya uongo haipo. Iliyobaki ni ya kweli, na ya kweli ilikuwa na bei yake. Wakili alikuwa amezoea kulala karibu na cherehani, mlio ukiendelea, ameshika ncha ya kitambaa chochote kinachoshonwa, na mama yake alishazoea kukivuta polepole mtoto akishapotelea usingizini. Bila hiyo, usiku utakuwa usiku gani? Akafikiria na ile meza ya kimya. Akapiga moyo konde.

"Na kesho," alisema. "Na keshokutwa, na siku zote za shule. Mimi silali hapa, mama, nakuomba radhi. Nyumba yangu iko ng'ambo. Lakini mwanangu analala hapa."

Mkaguzi akamuuliza msusi yeye ni nani kwa mtoto. Msusi akasema ni mama yake mkubwa.

"Kwa hiyo ni mama."

"Ni mama," msusi akasema.

Mkaguzi akauchezea mwavuli, akasema kwamba sheria inataka mtoto alale upande huu, kwa mzazi au mlezi, na haijali mwingine analala wapi. Ila atapita tena, na hatapiga simu, na akikuta godoro halina mtoto atamtoa shuleni kwa mkono wake mwenyewe. Aliomba maji, akanywa, akashukuru, akaondoka kwenda nyumba ya jirani.

Pazia lilipoacha kutikisika, nyumba ililipuka. Msusi alipiga vigelegele hadi mtaa wa pili, kitana kimesahaulika kichwani mwa mteja. Mteja aliachia kicheko chake chote kwa pamoja akakaribia kuanguka kwenye stuli. Baba Wakili alitoka jikoni na unga kwenye nyusi, akambeba binti yake juu, akamzungusha, naye Wakili akawa anapiga kelele kwamba shule anabaki, shule anabaki. Mama Wakili alicheka, akalia, akampiga dada yake kofi la mgongoni kwa ile karibu yake, dada naye akamrudishia la hodi. Kwa furaha iliyokuwamo mle ndani, ungedhani wamejenga shule yao wenyewe.

Baba Wakili alitangulia na mkokoteni mtupu, maana mwenye geti alishaanza kupiga simu. Mama alibaki. Alitandika godoro upya, akakunja shuka, akamwonesha dada yake upande ambao Wakili hupenda kulalia, akamwonesha tena. Wakili alikuwa amevipanga vichwa vya mawigi mistari miwili na tayari anavifundisha. Jua lilipoanza kushuka mama Wakili akasema basi, yeye aende.

Wakili akaacha darasa lake akavaa ndala, akatoka naye. Walitembea pamoja wakiongea, mtoto akieleza jinsi atakavyofika shuleni kabla ya wote, mama akiitikia, furaha bado imemjaa. Walipofika ukingoni mwa barabara, mama Wakili akatazama kulia, akatazama kushoto, na bila kuwaza akanyoosha mkono nyuma amshike mtoto wavuke, kama siku zote.

Wakili akaupokea mkono ule kwa mikono yake miwili, akapiga goti kidogo, kama alivyofundishwa kumuaga mgeni anayesindikizwa.

"Karibu tena, mama," alisema.

"Asante, mwanangu," mama Wakili akajibu, akavuka barabara peke yake.