Mtoto wa Mpira

Cibalonza, muuguzi wa zahanati moja ya Minago, aliomba bursa ya masomo akiwa na sababu. Mwaka uliopita mtoto mchanga alimfia mikononi kwa kukosa pumzi, naye hakujua la kufanya zaidi ya kumfuta na kumwita. Wafadhili walipotangaza kwamba watalipia mafunzo ya kuokoa watoto wachanga, akapeleka jina lake. Akachaguliwa.

Alisomea Rumonge mjini. Alipomaliza, alipewa mwanasesere wa mpira, mkubwa kama mtoto halisi, pamoja na kibarakoa na kibofu cha mpira cha kusukumia hewa, akafundishie wenzake. Mwanasesere hakuenea mkobani. Cibalonza akamfunga mgongoni kwa kitenge, akapanda pikipiki ya Nuhu, dereva wa kwao Minago.

Njiani walisimama kununua mawese kwa mama mmoja wa barabarani, Jamila. Yule mama akachungulia mgongoni, akapiga ukelele.

"Mama weee! Huyu mutoto hapumui!"

Wanawake wakaja mbio. Nuhu, ambaye hakuwa ameambiwa lolote, akashika kichwa. "Ni mimi! Nimekimbiza hii pikipiki sana!"

Cibalonza alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Tulieni! Huyu iko wa mpira. Ni wa formasyo, wa kufundishia."

Hawakuamini mpaka walipomminya mashavu. Kicheko kikazagaa barabarani. Lakini Zainabu, mke wa mtoto wa Jamila, mwenye mimba kubwa, hakucheka.

"Na wa kweli akizaliwa hapumui, unafanya nini?"

Cibalonza akatandika kitenge chini. Akamkausha mwanasesere, akamsugua mgongo, akamvika kibarakoa na kuminya kibofu cha mpira taratibu. Kifua kikainuka. Wanawake wakashangilia. Jamila akataka kujaribu, akaminya kwa nguvu zote.

"Polepole, Mama! Hapa hatuchochei mukaa!"

Wiki chache baadaye Zainabu alijifungulia zahanatini kwa Cibalonza. Mtoto alitoka kimya, mwili umelegea. Safari hii mikono ya Cibalonza ilijua kazi. Alimkausha, akamsugua, mtoto bado kimya. Akaweka kibarakoa, akaminya, akaangalia kifua, akaminya tena. Mtoto akakohoa kidogo, kisha akalia kwa sauti iliyomfikia bibi yake nje.

"Ni wetu huyo?" Jamila aliuliza mlangoni.

"Ni wenu. Mvulana."

Jamila akaketi sakafuni, akacheka na kulia kwa pamoja.

Kesho yake alikuja na uji, akamkuta Cibalonza akimpima mjukuu.

"Murakoze, asante sana, binti yangu. Ile bursa, na wengine wanaweza kuomba?"

"Wanaweza. Mwaka huu kuna hata ya kusomea uuguzi kuanzia mwanzo."

Jamila akamgeukia Zainabu, ambaye alimaliza sekondari na kuishia kuuza mawese naye. "Umesikia?"

"Nimesikia, Mama. Na huyu nitamwacha na nani?"

"Huyu?" Jamila alikwisha kumchukua mtoto na kuanza kumfunga mgongoni. "Huyu nitamubeba mimi. Wewe enda kaombe."