Mapumziko ya Kinyozi

Asubuhi hiyo mshonaji alikwenda bandani na sufuria la maji, mtoto mgongoni, akamkuta sungura jike anajing'oa manyoya ya kifuani. Aliyang'oa kwa meno, akajaza mdomo, akayapeleka pembeni mwa banda na kurudi kung'oa mengine. Watoto wake wa uzazi uliotangulia walikuwa wakimfuata nyuma, na kila aliposimama walijipenyeza chini ya tumbo lake. Masikio yalishawasimama na majani walikuwa wanatafuna vizuri tu, lakini ziwa hawakuwa wameliacha.

Mshonaji aliweka sufuria chini akapitisha kiganja mgongoni mwa jike. Mifupa ilihesabika. Chini ya mbavu tumbo lilikuwa limejaa na lilichezacheza. Yeye mwenyewe alikuwa na mimba iliyokwisha kuonekana, na huyo wa mgongoni alikuwa hajaanza kusimama, kwa hiyo hakuhitaji mtu wa kumweleza alichokuwa anakishika. Alitafuta kasha la mbao, akalijaza nyasi kavu, akaliegemeza mahali ambapo wakubwa wasingeweza kuruka ndani na kuwakanyaga wachanga. Kisha akaingia ndani kumwandalia mumewe chai.

Mumewe alikuwa kinyozi, mwenye chumba chake kwenye kona ya barabara ya sokoni: viti viwili, kioo kirefu, na redio isiyozimwa. Alikuwa mtu wa watu. Jike yule aliachiwa na mteja aliyekuwa anahama mji, na dume alimtafuta mwenyewe. Tangu hapo kila aliyekaa kwenye kiti chake aliondoka na nywele fupi na ahadi ya mtoto wa sungura. Ahadi zikawazidi sungura. Ndiyo maana jike alipozaa mara ya kwanza, kinyozi alimrudisha dume bandani siku hiyo hiyo, nyasi za uzazi bado mbichi.

"Mtoe dume mle ndani, Baba Watoto," mshonaji alimwambia akimmiminia chai. "Jike anazaa tena, na wale wa kwanza bado wananyonya."

"Sungura kazi yake si ndiyo hiyo? Kwani amekuja kukulalamikia?"

Hakuwa amekuja. Kinyozi alimaliza chai akaenda kazini.

Kabla ya adhuhuri, mteja mmoja alipokuwa anajiangalia kwenye kioo, kinyozi alifungua vifungo vya shati akaanza kujing'oa nywele za kifuani. Alizitia kwenye mfuko wa aproni. Jioni, alipofagia, hakuzitupa nywele za wateja kama kawaida yake. Alichambua zile laini, za watoto hasa, akazifunga kwenye aproni akaenda nazo nyumbani. Huko alivuta droo ya kabati, akasogeza soksi, akaanza kuzitandika. Mkewe alimuuliza kama ayahamishe na mashati. Akasema ingefaa.

Kesho yake alfajiri jike alizaa. Wakati huo huo kinyozi aliamka, akakaa kitandani, akaiangalia fulana yake iliyokuwa na mabaka mawili ya majimaji kifuani, akauliza kama bati linavuja.

"Bati halivuji," mkewe alisema. "Hayo ni maziwa."

Alimpa kitambaa kimoja katika vile alivyokuwa anavitumia yeye, akamwonyesha namna ya kukikunja ili kisichungulie kwenye shati.

Kazini kinyozi alianza kusinzia akiwa amesimama. Alinyoa upande mmoja wa kichwa, akaketi, na upande wa pili ukabaki hadi siku nyingine. Wateja hawakugomba. Fundi viatu wa mlango wa pili aliingia, akamtazama kifua, akasema hayo ni mambo ya uzazi, hata mke wake aliwahi kuwa hivyo. Dawa yake ni uji mzito na maji mengi. Wenzake wakakubaliana naye. Kiti cha pili kikaondolewa kwenye kazi ili kinyozi apate pa kuwekea miguu. Muuza vocha peke yake ndiye aliyecheka, akakemewa, na jioni akamletea mgonjwa karoti, nyingine zikiwa bado na majani. Kinyozi akazila na majani yake.

Watoto wa sungura walinyonya kwa makundi mawili. Wadogo, vipofu na bila manyoya, walinyonya mara moja alfajiri. Wakubwa walijipenyeza kila walipopata mwanya. Kinyozi aliwasikia wote. Wakubwa walimvuta upande wa kushoto, wadogo upande wa kulia. Suruali zikaanza kumporomoka kiunoni. Meno yakamuuma. Siku aliyoshindwa kuinua mashine ya kunyolea hadi kichwani kwa mteja, mkewe alimshika mkono akampeleka zahanati, mtoto mgongoni, mfuko wa mume begani.

Daktari alimpima kwa utulivu, akamwambia avae shati.

"Mwili wako umeanza uzazi wa pili kabla haujamaliza wa kwanza," alisema. "Huku unanyonyesha, huku umetoka kujenga mtoto mwingine. Hakuna mwili unaoweza kwenda hivyo muda mrefu. Upumzike. Ule nyama, ule mboga, usiamshwe ovyo, usinyanyue kitu kizito kuliko sahani."

Mshonaji alikuwa amesimama kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja. Aliuliza kama mashauri hayo yangemfaa na mtu mwingine.

"Mtu gani?"

"Mimi."

Daktari aliliangalia tumbo lake, kisha mtoto aliyelala mgongoni.

"Mimba yako inaendeleaje?"

"Inaendelea."

"Basi ni vizuri," alisema daktari, akaenda kunawa mikono.

Mama mkwe alifika kabla ya wiki kwisha, na begi na chupa yake ya chai. Watoto wa mshonaji walipozaliwa hakuweza kuja, maana magoti yalikuwa yanamsumbua. Sasa yalikuwa hayamsumbui. Alimkanda mwanawe mgongo kwa taulo la moto, akamnywesha supu, akaamuru mtu yeyote asikitikise kitanda. Mtoto mchanga wa nyumba alikatazwa kupitishwa karibu na chumba, kwa sababu kila alipolia maziwa yalimtoka baba yake. Binti mkubwa, aliyekuwa anasoma darasa la kwanza, alifundishwa kutembea kwa ncha za vidole. Majirani walikuja kumjulia hali. Walikaa ukingoni mwa kitanda, wakasema uzazi si mchezo, wakanywa chai iliyochemshwa na mshonaji, wakaaga.

Siku moja, wakiwa jikoni, mshonaji aliyekuwa anachuja supu aliegemea ukuta akasema hata yeye mgongo umemshika.

"Pole, mwanangu," mama mkwe alisema. Na pole hiyo ilimtoka moyoni kweli. "Lakini wewe ni mwanamke, mwili wako unajua njia. Huyu hajazoea."

Akampa sinia alipeleke chumbani.

Kumhudumia jike kulibaki kuwa kazi ya mshonaji, naye aliifanya sawasawa. Aliwatenga wakubwa kwenye banda dogo, akawazoesha majani makavu na pumba hadi wakasahau ziwa. Kila asubuhi alifunua nyasi za kasha akamgusa kila mchanga tumbo, kuona kama limeviringa. Aliyemkuta amekufa alimtoa kimya kimya ili asiwapoze wenzake. Alibadilisha maji mara kwa mara, kwa kuwa anayenyonyesha hunywa kuliko anavyokula. Dume alikuwa ameshamhamishia kwenye tenga lililofunikwa kwa ubao, bila kumwuliza mtu. Kila alichomtendea jike kilimfikia kinyozi. Jike aliponyweshwa, kinyozi aliacha kuomba maji. Banda lilipofunikwa gunia wakati wa jua kali, kinyozi alipata usingizi. Mama mkwe aliliona hilo mapema, akaamua sungura atafutiwe mahali pazuri zaidi.

Mahali pazuri palikuwa stoo. Ilikuwa na ubaridi, na dirisha la wavu, na mlango uliofungika. Humo ndimo mshonaji alimokuwa na cherehani yake, alimoshonea sare za shule. Cherehani ilihamishiwa kwenye ukumbi mwembamba wa kwenda jikoni, akawa anashona magoti yakigusa ukuta na tumbo likigusa meza. Stoo ikatandikwa nyasi tele. Jike akaingizwa na watoto wake. Jioni hiyo kinyozi aliketi kitandani bila kushikwa, akasema anajisikia mtu.

Alipopata nguvu za kushika nyundo, kazi yake ya kwanza ilikuwa kumjengea dume banda lake, mbali kabisa, kwenye ukuta wa nyuma. Akalitia kufuli, na ufunguo akauvaa shingoni. Alitangaza kwamba jike hataguswa hadi wadogo waache ziwa, na wakishaacha apewe muda wa kurudisha mwili. Waliokuwa wameahidiwa watasubiri. Hakuna aliyenuna. Wengi walisema yeye apone kwanza.

Akapona. Wadogo walipoanza kula majani, vitambaa vya kifuani vilianza kukaa vikavu. Droo ilirudishiwa soksi zake. Mama mkwe alifunga begi akaondoka na sungura mmoja mwenye doa jeusi puani, aliyekuwa amemchagua mapema. Ilikuwa wiki ile ile mshonaji alipojifungua mtoto wa kike. Alikwenda hospitali asubuhi na kurudi kesho yake, akakuta sare za watu zinangoja pindo na vifungo. Mkunga alikuwa amemwambia apumzike. Alimjibu ndiyo.

Kinyozi alirudi kazini na jambo la kuzungumza. Wateja walipunguza redio ili wamsikie.

"Jike akizaa, mwache," alisema, mashine ikinguruma mkononi. "Mwili si bomba la maji, kwamba unafungua tu linatoka. Mimi nimeyapitia. Mpe chakula, mpe kivuli, mpe muda. Mwanamume asiyeweza kusubiri asifuge."

Fundi viatu aliwatenga mbuzi wake. Watu wa mitaa mingine walikuja kuuliza kuhusu ng'ombe, kuhusu mbwa, na kinyozi aliwajibu wote kwa subira, kwa maana hakuwa mtu mbaya. Mmoja aliyemkatalia ushauri hakunyolewa.

Nyumbani, kinyozi alirudi upande wake wa kitanda kabla mtoto hajakaza shingo. Mkewe alimwambia mwili haujawa tayari. Alimshika bega kwa upole akamkumbusha kwamba ameugua muda mrefu, amekaa peke yake muda mrefu, na yeye ni binadamu. Mtoto alipoanza kukaa kwa kuegemezwa mito, mshonaji alikuwa na mimba nyingine. Alimwambia mumewe, naye akafurahi, akasema nyumba ni watoto. Siku zilizofuata mshonaji alimtazama anavyokula, anavyopanda kitandani, anavyolala. Alikuwa anakula vizuri. Alikuwa anapiga mluzi akioga.

Alasiri moja ya joto mshonaji aliingia stoo na ndoo ya majani mabichi, mtoto mchanga kifuani. Jike alikuwa amejinyoosha ubavu, miguu ya nyuma imeachiliwa, amenenepa, manyoya ya kifuani yamemrudia yote. Hakujisumbua kuinuka. Mshonaji aliweka ndoo, akafunga mlango, akakaa chini. Nyasi zilikuwa kavu na safi, alizitandika mwenyewe asubuhi. Akajilaza, mtoto pembeni yake.

Kinyozi aliporudi kutoka kazini aliita sebuleni, akaita jikoni, akapita kwenye ukumbi ambako cherehani ilikuwa imeachwa na sindano ndani ya kola. Akatoka nje hadi kwenye dirisha la wavu, akachungulia. Aliwaona wamelala, mkewe na mtoto na sungura, wote wakipumua taratibu. Alirudi nyuma kwa ncha za vidole, akamwita binti mkubwa na mdogo wake, akawaambia kwa sauti ya chini wakachezee upande wa barabarani, jike amepumzika. Yeye mwenyewe alikaa kwenye ngazi akasubiri, na jirani aliyetaka kumsalimu kwa sauti alionyeshwa kidole midomoni.

Baadaye mtoto alilia na mlango wa stoo ukafunguka. Mshonaji alitoka na nyasi kichwani. Mumewe alisimama, akamtoa nyasi zile moja moja kwa vidole vyepesi vya kazi yake, akahakikisha haikubaki hata moja. Halafu akamuuliza mbona maji ya kuoga hayajawa tayari.

Akasema anakwenda kuyabandika.