Aliyelalia Sarafu

Katika mji mmoja, dhahabu iliyopoa ilikuwa chuma chakavu tu. Ungeweza kumpa mtoto achezee, ungeweza kuziba nayo tundu la panya, lakini ukiipeleka dukani muuza unga angekutazama kama mtu aliyeleta ganda la ndizi na kuomba chenji. Fedha ni ile yenye joto, na joto lilitoka mahali pamoja: chini ya tumbo la joka lililolala pangoni, juu ya mlima.

Kila baada ya muda soko lilifungwa siku mbili. Wachukuzi walikusanya sarafu zilizokufa, wakapanda nazo na kuzimwaga mlangoni pa pango. Joka lilizivuta chini ya tumbo, likasukuma nje zile zilizokwisha kuiva, na kila mara lilibakiza nyingi kuliko lilizotoa. Hakuna aliyelalamika. Mwenye malalamiko aliruhusiwa kuyapeleka mwenyewe.

Sarafu ikishashuka mlimani ilikaa na joto lake siku kadhaa, halafu ikafa. Ndiyo maana watu wa mji huo walinunua leo, wakala leo, wakaalikana leo. Wageni wakiwaambia akiba haiozi, wao walijibu kwamba ni kweli haiozi, ila inapoa. Tajiri alikuwa mmoja tu, naye alikuwa na mkia.

Mlangoni pa soko la nafaka, juu ya kigoda, aliketi mpima joto. Muuzaji akiitilia shaka sarafu alimletea, naye akaibandika kwenye shavu la kushoto, akafumba macho, akasema "Hai" au "Imekufa." Basi. Kiganja hudanganya, maana kina joto la mwenyewe. Shavu halina upendeleo. Mji mzima ulimwita Mzee Shavu, na hata waliompa shikamoo waliipachika kwenye jina hilo. Uso wake uliguswa na fedha za kila mtu kuanzia asubuhi hadi jioni. Mkono wa mtu haukuwa umeugusa tangu mkewe alipofariki na binti yao wa pekee kuolewa ng'ambo ya milima na fundi wa kwato za punda.

Siku moja msafara ulipopita ulimletea salamu. Binti alikuwa amejifungua. "Mwambieni Baba aje," alikuwa amesema. "Mtoto kachukua shavu lake, aje alidai."

Mzee Shavu alimfuata kiongozi wa msafara kuuliza nauli. Ilikuwa mfuko mzima wa sarafu hai, zote kwa mpigo. Alipoomba alipe kidogo kidogo, yule bwana alimjibu kwa upole kwamba punda wake hawakuwahi kula kidogo kidogo.

Mfuko mzima! Mshahara wake ulikuwa sarafu moja kwa juma. Ya pili ikija, ya kwanza imeshakata roho.

Hapo ndipo alipowaza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliwaza kwa makini. Mwili wa mtu hauwezi kufufua sarafu, hilo alilijua. Lakini sarafu iliyo hai, ikigandana na ngozi bila kupitiwa na upepo, haifi. Kila mtu alijua kwamba ukilala na sarafu kwapani utaamka nayo. Kilichokuwa hakijajaribiwa ni kulala nazo miezi. Nyumba yenye watu haiwezi kazi hiyo: mara mtoto kalia, mara mume kageuka, mara mgeni kabisha hodi. Ilihitaji mtu mtulivu asiye na wa kumgeuza. Sifa hizo Mzee Shavu alikuwa nazo za kumwaga.

Akaanza. Kazini alizifunga tumboni kwa kitambaa chini ya shati, akakaa kwenye kigoda chake bila kutikisika. Akirudi nyumbani alijilaza kifudifudi juu ya sarafu hizo, blanketi hadi shingoni. Tumbo lilipokua, soko halikumwacha salama. Wapagazi walimuuliza ni mwezi wa ngapi na baba wa mtoto ni nani. Alitabasamu bila kucheka, kwa sababu kicheko hutikisa tumbo.

Aliyeumia ni jirani yake, Mama Mishumaa, aliyechemsha nta upande wa pili wa ukuta. Miaka yote tangu msiba walikuwa wakikaa jioni kizingitini kwake, yeye akisokota tambi za mishumaa, Mzee Shavu akimsimulia nani leo kaleta sarafu mfu na kujifanya ameshtuka. Sasa mzee alianza kuaga mapema. Kisha akaacha kwenda. Mwisho alimwomba asimgongee tena, eti mgongo unamsumbua.

"Mgongo gani huo," Mama Mishumaa aliuliza, "unaovimba kwa mbele?"

Aliingia ndani akajilaza. Tangu siku hiyo bakuli la supu halikuvuka tena kizingiti, na ukutani zilisikika tu sufuria za nta zikigongana.

Usiku ulikuwa mrefu. Alipokuwa kijana aliwahi kuwa mchukuzi, na alikumbuka alivyoliona joka kwa karibu. Ndege alikuwa ametua puani pake, anadonoa taratibu kama yuko shambani kwa baba yake. Joka halikumfukuza. Lilifumbua jicho moja, likamtazama, likafumba. Wachukuzi walicheka njia nzima: mvivu yule! Sasa, akiwa amelala juu ya mali yake huku nzi akimtembea sikioni, Mzee Shavu alielewa. Halikuwa mvivu. Liliogopa kuinuka.

Mfuko ukakaribia kujaa. Ilibaki sarafu moja tu, mshahara wa juma linalofuata.

Ndipo soko likafungwa kwa zile siku mbili. Alitia komeo tangu asubuhi, akajilaza. Alasiri, mlango ukagongwa.

"Hodi," ilisema sauti nzito ya kuigiza. "Mpima joto yupo? Nimeleta kitu cha kupimwa."

Alitulia. Watu wa namna hiyo walikuwepo, wasioweza kusubiri soko lifunguliwe.

"Soko limefungwa," alisema, uso ukiwa kwenye mto wa kulalia.

"Cha moto sana hiki. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Aliinua kichwa. Binti yake alipokuwa mdogo, kila akirudi kutumwa alibisha hodi kwa sauti ya kujifanya mtu mzima: mara mkaguzi wa vigoda, mara hakimu. Naye alikuwa akimjibu upuuzi hadi mama mtu atoe amri mlango ufunguliwe. Alijiinua kwa viwiko. Upepo mwembamba ukapita chini ya tumbo, na akasikia kwenye ngozi sarafu zinavyosinyaa. Akawaza: haiwezekani, nauli ataitoa wapi? Nikiinuka na kumbe si yeye, nimeua miezi yote hii kwa ajili ya mwenye haraka ya kununua maharage.

Akajilaza.

"Mpima joto hayupo," alisema.

 Nje, kitu kidogo kililia kidogo, kama paka, kikabembelezwa. Halafu nyayo zikaondoka, polepole sana, nyayo za mtu anayesubiri kuitwa.

Asubuhi ya pili yake dirisha lilipigwa kofi. Mama Mishumaa hakugonga mlango, alikuwa mtu wa kushika neno.

"Mjukuu wako ni mzuri," alisema kupitia upenyo. "Ana shavu hilo hilo, maskini."

Kisha alimweleza yote, bila kumkaripia, na hilo ndilo lililouma. Binti alikuja na msafara bure, mumewe akiwa ndiye anayewatengenezea punda wa msafara kwato. Alitaka kumshtukiza baba yake. Baada ya kufukuzwa alikaa kwa Mama Mishumaa, akacheka, akalia, akauliza kama baba ameoa mtu asiyependa wageni.

"Nilitaka kuja kuuvunja mlango," alisema Mama Mishumaa. "Akanikataza. Akasema, 'Sauti yangu Baba anaijua, kama hataki, hataki.' Wameondoka alfajiri."

Mzee Shavu alizifunga sarafu tumboni, akafungua komeo. Alisimama kizingitini na tumbo lake la dhahabu, macho yamemezwa na mwanga.

"Ukizitembeza kwenye upepo wa milima zitakufa," Mama Mishumaa alimwambia.

"Najua."

"Msafara mwingine utapita. Ukijilaza tena..."

"Mama Mishumaa," alisema, "nishikie mlango. Usiufunge."

Akaenda. Njia ilipita chini ya mlima wa joka, na moshi mwembamba ulikuwa ukitoka pangoni. Alilipungia joka mkono, kama mtu anavyompungia mwenzake wa zamu, akaongeza mwendo. Upepo wa milimani ukaingia chini ya shati. Alizisikia zikifa moja moja, kwanza za pembeni, baridi ikisogea kuelekea kitovuni. Alijua kila moja ni ya juma gani. Adhuhuri ilipopita, kitambaa kizima kilikuwa kizito na baridi kama mawe ya mtoni. Alikifungua, akakiacha kando ya njia bila kuchagua mahali.

Bila tumbo lile alitembea vibaya mwanzoni, akiyumba kama aliyetoka kuugua.

Jua lilipoanza kulegea alifika pale misafara inapopumzishia punda. Hapakuwa na mtu. Kulikuwa na mavi ya punda, kitambaa cha mtoto kilichosahauliwa juu ya kichaka, na mafiga matatu yenye majivu katikati. Alitazama njia inayopanda, tupu hadi ilipokata kona. Hakujua kama wako karibu au wameshavuka.

Alipiga magoti. Akalaza shavu la kushoto kwenye figa, akafumba macho.

Alikaa hivyo muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Hai," alisema, ingawa hapakuwa na foleni.

Akakichukua kile kitambaa kichakani, akakikunja vizuri, akaanza kupanda, majivu yakiwa bado usoni.